Kitu Kilicholia Darini kwa Weris

Asubuhi moja ya Jumanne, Weris Gabow alikuwa amechutama uani kwake akifukiza mitungi ya maziwa, aliposikia kitu kikilia ndani ya nyumba.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa tii moja, kavu na fupi, kisha kimya. Akadhani ni simu, lakini simu ilikuwa pale pale kwenye ukingo wa karai, haina habari. Akarudi kwenye kazi yake. Alitia vijinga vya mgunga ndani ya mtungi, akafunga kifuniko, akautikisa mpaka moshi ukashika kila upande, kwa sababu maziwa ya ngamia yasipopata moshi huchacha kabla ya adhuhuri. Alipofika mtungi wa tatu, ile tii ikalia tena. Na tena. Akaacha kila kitu akaingia ndani, mikono imejaa masizi.

Alitafuta kama mtu anayetafuta panya. Alichomoa friji, akachungulia nyuma ya kabati, akainua mito mmoja mmoja. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, pumzi ameibana, sauti iliposikika juu ya utosi wake. Akainua macho. Darini, kati ya taa na ukuta, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Alikiona siku aliyohamia, akadhani ni pambo la fundi. Sasa alikitazama vizuri. Pembeni kilikuwa na matundu madogo kama ya redio, na katikati kitone chekundu kilichofumba na kufumbua.

Weris akavuta mtandio akafunika kichwa sawasawa, kama mwanamke aliyekutwa na mwanamume asiyemjua, akatoka nje polepole bila kusema neno.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alizaliwa upande wa Modogashe, akakulia nyuma ya ngamia wa baba yake, na baadaye akawa na ngamia wake mwenyewe kumi na wanane. Ukame ulipomwachia wawili tu, aliwaacha kwa shemeji zake akaja Garissa kuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Maziwa yalifika kila asubuhi kwa lori, mitungi yake ikiwa imefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono ili isichanganywe na ya wenzake. Sokoni walimjua kama mwanamke asiyedanganyika. Hakupokea mtungi bila kuufungua, kuunusa, kudondosha tone juu ya ukucha na kulitazama linavyotiririka. Wapo waliouza maji yaliyopakwa rangi ya maziwa, na hao walikuwa wameacha kumpitia siku nyingi.

Nyumba hiyo alikodishiwa na binti yake Filsan, muuguzi Nairobi. Ilikuwa ndani ya ploti ya nyumba sita za mawe, na kabla yake waliishi humo wafanyakazi wa shirika moja lililokuwa likihudumia kambi za Dadaab. Filsan alisema mama yake ameteseka vya kutosha chini ya mabati. Weris alikubali, ingawa mwezi wa kwanza alilala na mlango wazi kwa sababu dari ilimkaba.

Haikuwa dari tu. Weris hakuwa mtu wa kuamini kuta. Miaka kumi na tisa nyuma, kaka yake Noordin alikaa katika chumba kimoja hapa hapa Garissa, yeye, Weris, na rafiki yake mmoja, wakinywa chai. Noordin akasimulia kwamba amelishuhudia lori likipita kizuizi cha barabarani bila kukaguliwa, akamtaja mwenye lori. Maneno ya kupoteza wakati. Siku ya pili yake wakaja watu kwa gari lisilo na namba, wakamchukua. Walikaa naye siku kumi na moja. Aliporudi, vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na kitu pekee alichowahi kusema kuhusu siku hizo ni kwamba walimsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, hata pale alipocheka. Rafiki yake aliapa kwa msahafu kwamba hakusema popote. Weris alijua kwamba yeye mwenyewe hakusema. Noordin alikufa miaka minane baadaye kwa homa, bado akiuliza nani aliwaambia. Watu watatu na birika la chai, basi.

Tangu hapo Weris alikuwa akizungumzia mambo mazito nje, juani, mahali unapomwona mtu akija. Lakini miezi minane ya nyumba nzuri ilimlegeza. Alikaa sebuleni akaongea kama watu wengine. Sasa, amesimama uani akiikodolea macho nyumba yake, alianza kuyafuata maneno hayo nyuma, moja moja, kama anayefuata nyayo za mnyama aliyepotea. Aliwahi kulalamika juu ya chifu na orodha yake ya chakula cha msaada. Aliwahi kusema jina la mpwa wake aliyevuka mpaka bila karatasi. Aliwahi kubishana na mgeni kuhusu kisima cha Modogashe na ukoo gani ulikichimba. Yote hayo chini ya kile kitu.

Akampigia Mowlid, msimamizi wa ploti, akamwambia aje. Mowlid alikuja anatafuna mswaki, akainua kichwa, akasikiliza tii moja, akasema pale pale, akimwita eddo, yaani shangazi, kwa heshima:

"Hicho ni cha moshi, eddo. Betri imeisha tu."

Alijibu haraka mno. Mtu anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, kwa hesabu ya Weris, ni mtu aliyelijua swali tangu nyumbani kwake. Akamuuliza nani alikiweka. Mowlid akasema walikiweka wale wa shirika, au mwenye ploti, hakumbuki sawasawa. Akamuuliza kinafanya nini. Akasema nyumba ikishika moto kinapiga kelele watu waamke.

"Mimi nafukiza mitungi kila siku ya Mungu," Weris akasema. "Moshi unaingia mpaka chumbani. Miezi minane hakijalia. Leo sijatia hata mtungi wa nne, moshi hakuna, ndipo kinalia?"

Mowlid akasema ataleta betri kesho, akaenda zake. Wala hakuwa mwongo, maskini. Hakujua tu kwamba betri ilianza kuzeeka zamani, na kifaa kilichochoka hakinusi tena, kinaomba msaada tu. Lakini Weris alimwona akitembea huku simu iko sikioni, na hilo likamtosha.

Alimpigia Filsan akiwa nje kabisa, karibu na tangi la maji. Filsan akacheka. Akasema hata hospitalini kwao wanavyo, kila wodi, na vikianza kulia fundi hubadilisha betri. Weris akamuuliza kama amewahi kukifungua kimoja akaona ndani kuna nini. Filsan akasema hapana, hooyo, mama yangu, nifungue kwa nini? Basi Weris akaona kwamba binti yake hajui chochote, ameambiwa tu kama watu wengine wote.

Alipokata simu aligundua kwamba Lul amesimama mlangoni mwake, anamtazama.

Lul alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa madera, aliyeishi peke yake. Alihamia ploti hiyo wiki mbili baada ya Weris. Alikuwa mpole, analeta sambusa siku za Ijumaa, lakini alikuwa na ugonjwa wa maswali. Kila mgeni aliyefika kwa Weris, Lul alimuuliza umetoka wapi, umepitia wapi, katika safari ulikuwa na akina nani, kule kambini mlikaa upande gani. Majibu mengine aliyaandika kwenye daftari dogo. Weris aliliona daftari hilo kwa macho yake. Hapo awali alidhani ni vipimo vya nguo. Sasa alikumbuka kwamba mtu hahitaji kujua mteja alivukia mpaka wapi ili amshonee dera.

"Eddo, kuna kitu kinalia kwako," Lul akasema.

"Ni simu," Weris akajibu, akafunga mlango.

Siku ile hakukaa ndani. Alipika nje, akala nje, na shangazi mmoja alipokuja kumsalimia alimweka kwenye mkeka karibu na tangi, jua linawachoma wote wawili, wakaongelea bei ya nyasi. Ndani kile kitu kiliendelea, kila baada ya muda mfupi, tii, tii, bila haraka, kama mtu anayegonga kalamu mezani akingoja useme.

Kesho yake Mowlid hakuja na betri. Alituma ujumbe kwamba amekwenda Kotile kwenye mazishi. Weris akausoma ujumbe mara tatu, akaamua. Alichukua ufito mrefu wa kuondolea utando wa buibui, akapanda kiti, akakisukuma kile kitu upande, kikazunguka na kudondoka mkononi mwake. Alitegemea kuona waya ukining'inia. Waya haukuwapo. Kilikuwa chepesi, kimefungwa pande zote, na bado kiliendelea kulia kiganjani mwake. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Kitu kisichofungwa popote, nani anakilisha?

Wazo la kwanza lilikuwa kukivunja kwa jiwe. Akaliacha. Mtu akivunja mali ya serikali anafunguliwa mashtaka, na hapo ndipo watakapouliza, kwa nini umevunja, ulikuwa unaficha nini? Lakini mtu akirudisha kitu cha wenyewe mchana, mbele ya watu, kwa mikono yake, nani atamwambia nini? Alilipenda wazo hilo. Lilikuwa safi. Akakiviringisha ndani ya shuka kuukuu, akakitia kwenye kikapu cha sokoni, akavaa hijabu yake ya kutokea, akatembea kuelekea kituo cha polisi.

Langoni palikuwa na foleni mbili, ya wanaume na ya wanawake, na magunia ya mchanga yamepangwa mpaka kifuani. Weris akapanga foleni. Mbele yake walikuwa wanawake wanne. Kikapu kikalia, na wa mbele yake akageuka. Kikalia tena. Askari aliyekuwa akikagua mikoba, kijana mrefu wa kutoka bara, akasimamisha mkono hewani.

"Mama, kuna nini ndani ya kikapu?"

Kiswahili cha Weris kilikuwa cha sokoni, na sokoni kilimtosha. "Hii kitu ni yenu," akasema. "Mimi naleta."

"Kitu gani?"

"Ile mliweka kwa nyumba yangu."

Ndani ya shuka, tii.

Uso wa yule askari ukapauka. Akarudi hatua moja, akamwambia aweke kikapu chini, polepole, polepole kabisa, halafu aende nyuma. Weris akakiweka. Mtu mmoja akapiga ukelele, na foleni zote mbili zikavunjika. Viatu vikabaki, mkoba wa mtu ukabaki, mzee mmoja akaanguka akainuliwa na wasiomjua. Askari wengine wakalala nyuma ya magunia. Kufumba na kufumbua, uwanja ule wote ulikuwa na vitu viwili tu, kikapu na Weris.

Alisimama pale mikono ameinua kama alivyoamriwa. Katika mji huu watu wanajua kinachofuata baada ya sauti kama hiyo, wameshaona, na sasa walikuwa wakimtazama yeye kwa macho ya kumjua. Mama wa maziwa. Nani angedhani. Aliona midomo ikisema hivyo. Lakini aliona na jambo jingine. Yule askari kijana, aliyemwelekezea bunduki, alikuwa akitetemeka mikono. Umri wake ni kama wa Filsan. Na Weris akajiuliza, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kama kitu hiki ni chao, mbona wanakiogopa?

Walimwingiza kwa mlango wa nyuma. Sajini mmoja wa kike aliyeitwa Nurto akampekua, kisha akamketisha chumbani kwenye benchi. Nurto alikuwa Msomali kama yeye, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alipoanza kumhoji kwa lugha ya nyumbani Weris hakufarijika hata kidogo. Aliwaza kwamba waliomsomea Noordin maneno yake lazima nao walikuwa wanaijua lugha.

Nurto alitaka kujua nani alimpa kikapu, nani alimtuma, simu ya jana iliyoonekana kwenye simu yake ilikuwa ya nani. Weris alijibu machache. Kila alipojibu alitazama dari. Hatimaye yule sajini naye akatazama dari.

"Unatafuta nini huko juu, hooyo?"

"Chenu mmekiweka wapi humu?" Weris akamuuliza.

Nurto hakuelewa, au alijifanya. Nje walikuwa wakimsubiri mtaalamu wa mabomu. Alikuja baada ya saa nzima, akavaa mavazi mazito kama godoro, akakiendea kikapu kwa hatua za bata, na watu wakatazama kutoka mbali nyuma ya ukuta wa msikiti. Alikifungua. Akakaa amepiga magoti muda mrefu bila kusogea. Kisha akavua kofia ile kubwa, akakaa chini mchangani, akajifuta jasho.

Walileta kitu chenyewe chumbani, juu ya karatasi. Nurto akakigeuza, akasoma nyuma. Wakati huo huo kukatokea fujo langoni, na baada ya muda askari mmoja akaingia kusema kuna mwanamke nje, amekuja mbio na cherehani ameiacha wazi, anasema anamjua mama wa ndani, na amebeba kitu kama hicho hicho ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ameushika juu ya kichwa ili kila mtu aone.

Alikuwa Lul. Habari zilimfikia sokoni kabla hata mtaalamu hajafika. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, akapanda meza, akang'oa chake cha darini, akaja nacho kwa miguu. Aliviweka viwili pamoja mbele ya sajini. Vilikuwa pacha.

"Kila nyumba ya ploti ile inacho," akamwambia Nurto. "Changu kililia mwezi wa Ramadhani, nikanunua betri. Eddo huyu hana kosa. Hakuambiwa tu. Sote hatukuambiwa."

Weris alimtazama. Alikuwa amejiandaa kumsikia mwanamke huyu akitoa daftari.

Nurto akatuma mtu dukani. Betri ilipoletwa aliitia mwenyewe, akafunga, na sauti ikakatika. Kulikuwa na kitufe katikati. Akakibonyeza kwa kidole gumba kuona kama kinafanya kazi. Kile kitu kikapiga mayowe yaliyopasua chumba. Askari wawili wakaruka, mmoja akagonga kichwa kwenye kabati la chuma, chai ikamwagika juu ya majalada. Nurto mwenyewe alikitupa mezani kama kaa la moto. Weris peke yake hakusogea. Alikuwa akiwatazama nyuso. Maisha yake yote alikuwa akiwatazama watu nyuso wakati mtungi unafunguliwa, na alijua mtu anayejua kilichomo na mtu asiyejua. Hawa hawakujua.

Walimwandikia maelezo, wakampa onyo kali, wakamrudishia kikapu na shuka na kile kitu. Ilikuwa imekaribia alasiri.

Njiani Weris alitembea na Lul hatua mia mbili. Kisha akasimama.

"Abaayo, dada yangu, nikwambie kitu na usinicheke. Asubuhi hiki kilikuwa cha moshi tu. Nimekubali. Lakini kimekaa kwao saa nne, na mara mbili walikitoa chumbani wakafunga mlango. Sasa nitajuaje?"

Lul hakucheka. Alifikiri, akafungua mfuko wake wa plastiki.

"Basi chukua changu. Mimi nitachukua hicho."

Hapo tena shaka ikaamka. Mbona anakitaka? Mbona amekuja nacho tayari mkononi? Labda safari yote hii ilikuwa ya kuingiza kile cha Lul nyumbani kwake. Weris alisimama pale kando ya barabara, punda wa maji wanapita, akampima yule mwanamke kutoka viatu mpaka utosi. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Kiatu cha mguu mmoja kilikuwa kimekatika, amekifunga kwa utepe wa kupimia nguo.

"Na kikiwa kinasikia?" Weris akauliza. "Kikusikie wewe?"

"Kisikie," Lul akasema. "Ningefurahi kama kuna mtu anasikia."

Ndipo akamweleza. Mwaka ule wa njaa kubwa, walipokuwa wakikimbia kutoka kwao Somalia, yeye na mdogo wake Mulki waligawanywa katika malori mawili kwa sababu la kwanza lilikuwa limejaa. La Lul lilifika Dadaab. La pili halikufika, au lilifika mahali pengine. Mulki alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku hiyo Lul anauliza kila mtu, umetoka wapi, umepitia wapi, ulikuwa na akina nani. Daftari lilikuwa na majina ya malori, ya madereva, ya vituo vya maji. Alilitoa akampa. Weris hakujua kusoma vizuri, lakini alizijua tarakimu, na aliona mwaka kwenye kurasa za mwanzo, na mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi huu.

Weris alichukua kifaa cha Lul, akampa chake. Na kwa kuwa hakujua namna ya kuomba radhi kwa jambo ambalo mwenzake hakujua ametendewa, alianza kumsimulia habari za Noordin, pale pale barabarani, kwa sauti ya kawaida, hata zile siku kumi na moja. Hakuwahi kumsimulia Filsan.

Wiki ile Mowlid alirudi kutoka mazishini akavipachika vyote viwili, na Weris akasimama chini ya kiti chake mpaka mwisho, akikagua kila skrubu. Bado hakusema mambo ya ukoo sebuleni. Lakini jina la Mulki alilisema ndani na nje. Kila asubuhi lori la maziwa lilipoondoka kurudi Modogashe, dereva alipewa mitungi mitupu na jina hilo, alipeleke kwa wauza chai wa njia panda, na wenye malori ya mifugo walichukue mbele zaidi, Wajir, Mandera, kote wanakofika.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, simu ya Lul ikalia. Mwanamume mmoja alisema anapiga kutoka Kutulo, kwamba Mulki yuko hai, yuko kwake, ameolewa na ndugu yake, anaumwa, na anaomba nauli ya kuja Garissa. Lul alikuwa kwa Weris wakati huo, ameketi mkekani anapindua pindo la dera. Sindano ikamwanguka. Aliishika simu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anaitikia kwa kichwa tu kama mtu anayekubali kila kitu.

Weris akamchukulia simu.

Alimsalimia yule mtu vizuri, akamuuliza hali ya mvua huko Kutulo, akamshukuru kwa wema wake. Alikuwa na sauti ya mama mzee aliyechanganyikiwa kwa furaha. Kisha akasema:

"Na lile kovu lake la moto, la mkono wa kulia, bado linamsumbua maskini?"

"Linamsumbua sana, mama," yule mtu akajibu. "Wakati wa baridi hasa. Analia usiku."

Weris alimtazama Lul. Lul alikuwa ameacha kulia, anatazama chini. Mulki hakuwahi kuungua popote.

"Basi nisalimie huyo mwenye kovu," Weris akasema, akakata.

Weris aliweka birika jikoni, akarudi, akaokota sindano mkekani, akaitunga uzi upya ingawa macho yake hayakuwa mazuri tena. Alimwambia Lul kwamba wataendelea kuuliza, na kwamba atakayejibu, awe nani, atapita kwanza kwake. Lul akaitikia kwa kichwa. Akafungua daftari, akaandika Kutulo, akaiandika tarehe, na mbele yake akaandika kwamba huyo si Mulki. Weris akamwomba amsomee alichoandika, na Lul akamsomea.